Visiki Sita Kati ya Geti na Mlango

Jumatatu, 2 Septemba

Chai. Dawa ya presha. Kufagia uwanja. Nimejigonga ugoko kwenye kisiki cha pili, palepale pa wiki iliyopita. Nimekipiga teke. Upumbavu. Zege haliumwi, anayeumwa ni mimi.

Niandike vizuri, nikisoma baadaye nijue nilikuwa na akili timamu. Visiki sita vya zege, urefu wa goti, safu mbili, vitatu vitatu. Ndivyo vilivyobaki vya baraza la mbao alilolitaka marehemu mume wangu ili jioni akae aone ziwa. Mbao zililiwa na mchwa, zilizosalia nikazipikia. Miguu ya zege imebaki. Na imebaki mahali pabaya kuliko pote, kwenye uchochoro kati ya lile jiwe kubwa na ukuta wa jirani yangu Mama Nitin. Hakuna njia nyingine ya kutoka getini kufika mlangoni. Huku Mkuyuni juu ukipata kiwanja unakuta mawe yamekutangulia.

Mtu mwenye miguu anapita kwa kujipinda. Kiti cha magurudumu hakipiti.

Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu kiharusi cha Machi. Anakaa Misungwi kwa kaka yangu Shija. Shija amehamishiwa Tabora kikazi, lori la vyombo linaondoka Jumamosi tarehe 21. Ama Mama aje kwangu, ama apande aende Tabora. Tabora hamjui mtu. Na mazoezi yake ya mkono yako hapa mjini, hospitali, kila Jumatano. Vidole vimeanza kurudi. Akiondoka sasa vitalala tena, na safari hii havitaamka.

Mwezi wa saba alikuja kwangu. Niliita vijana wawili wa bodaboda wamvushe. Wakambeba kama gunia. Kanga ikateleza, mapaja nje, watu wamejaa getini wanatazama. Mama alilia. Mimi nikamwambia, Mama, si jambo kubwa. Mjinga mimi. Alinijibu siku ya kuondoka: akija tena ataingia kwa magurudumu yake, la sivyo haingii.

Shija anasema nimwage kifusi nifukie visiki, basi. Anashauri kwa simu huyo. Nikifukia mpaka gotini njia inakuwa juu kuliko mlango, na mvua ya kwanza maji yote ya mlima yatakuja kukaa sebuleni.

Siku kumi na tisa. Kesho anakuja kibarua.

Jumanne, 3 Septemba

Kibarua anaitwa Bahati. Amekuja na sururu, chepe na mtaimbo. Haongei. Nimempenda. Saa sita kisiki cha kwanza kimelala ubavu kama jino lililong'olewa. Saa kumi na moja cha pili.

Nimempigia Mama. Nimemwambia viwili bado vinne. Akasema, "Usinihesabie, Minza. Niite vikiisha." Akakata simu. Huyo ndiye mama yangu.

Jumatano, 4 Septemba

Cha tatu kimetoka kabla ya saa nne. Nikamwacha Bahati anafukia mashimo, nikakimbia hospitali kumwambia Mama vitatu. Ameshika mpira. Hajaufinya, ameushika tu, lakini mwezi uliopita ulikuwa unaanguka. Nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya dada anayemfanyisha mazoezi.

Jioni nimehamisha kabati, kitanda cha Mama kitakaa upande wa dirisha. Nimepima mlango. Kiti kitapita na nafasi ya vidole viwili itabaki.

Alhamisi, 5 Septemba

Kisiki cha nne. Bahati amechimba pembeni, akakuta zege. Akasogea nje kidogo, zege. Akasogea tena, zege. Vile vitatu vilikuwa vimenyooka kama ndoo, hiki kinapanuka kadiri unavyokwenda chini. Saa nane Bahati akatupa sururu, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Mama, huu ni mwamba. Walimwaga zege juu ya mwamba." Akasema anakwenda kuazima mtaimbo mrefu zaidi. Akaacha chepe lake.

Sururu na mtaimbo amebeba. Hilo nimeliona jioni.

Ijumaa, 6 Septemba

Bahati, saa mbili asubuhi: yuko njiani. Saa nne: yuko njiani. Saa saba: simu haipatikani. Hiyo njia yake inapitia Bukoba nini?

Nimekaa getini kama mlinzi. 

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nakiwaza kisiki cha nne.

Watu wawili leo wameniuliza nani alijenga lile baraza. Nimewajibu, mwizi. Fundi Lameck. Miaka tisa imepita na bado jina lake likinijia natamani kutema.

Mimi nimefundisha hisabati miaka thelathini na mbili. Kwa hiyo nilipojenga sikufanya mchezo. Kila mtu hapa anajua, ukimwacha fundi na saruji yako, saruji hiyo inajenga kwake. Nikaweka kiti na mwavuli, mfuko ufunguliwe mbele ya macho yangu, umiminwe wote. Lameck alinitazama tu akaendelea. Siku ya pili nikaitwa shuleni, kwa muda wa saa mbili hivi. Narudi, mifuko miwili haipo. Akasema shimo moja limeimeza. Mashimo yote sita nilikuwa nimeyapima mwenyewe kwa futi kamba, sawasawa! Nikamwambia hesabu hiyo akawadanganye wasiokwenda shule.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilisema bombani, nilisema kanisani, nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaonya watu. Akakosa kazi mtaa mzima, akahamia Buhongwa. Mama alikuwa amekuja kunitembelea siku zile, akaniambia nimemsema mno. Nikamwambia Mama, wewe huwajui mafundi. Ningekuwa na nafasi ningesema tena.

Jumatatu, 9 Septemba

Kama ni mwamba, basi dawa ya mwamba inajulikana. Nimepanda mlimani kwa wapasua mawe. Wanawasha moto juu ya jiwe siku nzima, likishapata joto wanamwaga maji baridi, linapasuka vipande, wake zao wanagonga kokoto. Nimempata mmoja anaitwa Maduhu, mtu mzima, nyusi zimeungua zote. Amesema jiwe la kumshinda halijazaliwa. Nilipaswa kushtuka hapohapo.

Jumanne, 10 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Maduhu alikuja na kuni, na chini ya kuni kaficha tairi mbili. Nikasema tairi hapana. Akasema bila tairi tutakaa mpaka Krismasi. Nimebakiwa na siku kumi na moja. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikoniponza.

Moshi mweusi, moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya Mama Nitin. Mashuka meupe manane, ana wageni kutoka Shinyanga. Akatokea juu ya ukuta anaita "Mwalimu! Mwalimu!" na mimi najifanya sisikii kwa aibu. Halafu zege likaanza kulia. Jiwe linapasuka kwa adabu, linasema ta, basi. Zege lina hasira. Likapiga paa! kama risasi, kipande kikaruka kikavunja kioo cha dirisha la chumba. Chumba kilekile nilichomwandalia Mama. Maduhu alikuwa wa kwanza kukimbia, na nyusi hana.

Mwenyekiti wa mtaa akaja, akazima moto kwa ndoo zangu mwenyewe, akanisema mbele ya watu, mwalimu mzima nachoma tairi katikati ya nyumba za watu. 

Kisiki kimebanduka ngozi ya juu tu. Cheusi, kimekaa pale pale. Namchukia nani sasa? Nachukia zege. Sikujua mtu anaweza kuchukia zege.

Jumatano, 11 Septemba

Hospitali. Mama ameufinya mpira. Kidogo, lakini umebonyea, nimeuona kwa macho yangu. Yule dada wa mazoezi amesema miezi mitatu bila kukatiza huenda akashika kijiko. Bila kukatiza, amerudia, akinitazama mimi.

Mama akaniuliza, "Vingapi?" Nikasema vitatu. Akasema, "Wiki iliyopita pia vilikuwa vitatu." Akanusa kitenge changu, akauliza nimechoma nini. Sikumwambia.

Shija alikuwa kasimama mlangoni. Kanifuata nje. Anasema Tabora pia kuna hospitali, nisijitese, amemwekea Mama nafasi mbele kwenye lori kwa tahadhari. Kwa tahadhari! Amekwisha niandikia kushindwa. Nimemjibu vibaya, mpaka muuguzi katugeukia.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata mtu mwenye mashine ya umeme ya kuvunja zege. Kijitu kirefu, kimevaa miwani ya plastiki, kinaongea kama injinia. Kafika saa tatu kamili, nikataka kumkumbatia. Kachomeka. Kapiga sekunde kumi, vumbi, kelele, kipande cha saizi ya ngumi kimeruka. Umeme ukakatika.

Tukakaa. Saa tano. Saa saba. Nikampikia. Saa tisa. Amekula ugali wangu mara mbili na kisiki kipo.

Ijumaa, 13 Septemba

Umeme haujarudi. Wanasema matengenezo ya laini. Saa tisa mchana jamaa kafungasha mashine, ana kazi nyingine Nyegezi kuanzia kesho, wiki nzima. Umeme umerudi saa tisa na nusu. Nusu saa! Nimekaa chini kwenye vumbi nikacheka kama kichaa. Mama Nitin kachungulia, akarudi ndani.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekipiga mwenyewe. Nimekwenda kununua nyundo kubwa, nikavaa suruali ya marehemu, nikafunga kitambaa kichwani. Miaka hamsini na nane. Nyundo inaruka inarudi, inanirudia mimi. Nilipiga nikimtaja Bahati, nikamtaja Maduhu, nikamtaja Shija na lori lake, nikamtaja Lameck. Lameck nilimpiga mara nyingi kuliko wote.

Saa sita kifundo cha mkono kimetoa mlio. Kimevimba kama andazi. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa.

Nimelia. Si maumivu. Wiki moja imebaki na kazi ya siku kumi na mbili ni visiki vitatu.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda kanisani. Mama Nitin kaja na bakuli la dengu na dawa ya kuchua. Sikutegemea, baada ya mashuka. Huyu mama familia yao ina duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yao, hana simile. Kanichua mkono huku ananisema. "Mwalimu, umeita mchimbaji, umeita moto, umeita mashine. Kwa nini humwiti aliyejenga? Mwite, tupumzike sote."

Nikasema aliyejenga ni mwizi.

Akasema, "Mwizi hajui alichokijenga?"

Nimekasirika na dengu nimekula. 

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekwenda Buhongwa. Mwenye shida hachagui. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, yakikaribia kupangika yanavunjika.

Nimemkuta anafyatua matofali kwenye kiwanja cha mtu, kando ya barabara. Amezeeka. Nywele zote nyeupe, au ni saruji, sikujua. Kaniona, akaendelea kufyatua. Nikasimama juani. Kafyatua kumi na mawili, nayahesabu. Halafu akanawa mikono, akaja. "Karibu, Mwalimu." Hakuwa na dharau hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

Nikaeleza. Kiti cha Mama, lori, Jumamosi, kisiki cha nne kilichoshika mwamba. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema pale hakuna mwamba. Cha tano na cha sita ndivyo vimekaa juu ya jiwe, na hivyo ni kazi ya nusu siku. Cha nne ni habari nyingine. Akauliza kama Mama bado anakumbuka kumpa uji wa ulezi wakati ule, kila saa nne, nyuma ya nyumba, mimi nikiwa nimekaa chini ya mwavuli. Sikujua kabisa kwamba alimpa.

Akasema atakuja kesho kwa ajili ya yule mama. Kwa sharti moja. "Ukae kwenye kiti chako, Mwalimu. Kama siku zile. Usitoke mpaka tufike chini."

Nikakubali. Ningekataa vipi?

Jumanne, 17 Septemba

Nimekaa. Kiti, bila mwavuli. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, nimetoka kwenda chooni mara mbili na mara zote mbili nimeaga.

Lameck kaja na mwenzake mmoja. Hakugusa zege. Akaenda hatua mbili upande wa ukuta, akapima kwa mguu, akasema hapa. Wakachimba. Sururu hawakuitumia, udongo ulikuwa unachoteka kwa chepe kama majivu. Wakatoa vigae. Mifupa ya samaki. Ndala ya mtoto, chupa za soda, makopo yaliyooza. Lilikuwa shimo la taka la mwenye kiwanja wa zamani, lilifukiwa kabla sisi hatujanunua. Mimi niliyapima mashimo yangu kutoka juu, upana na kina, nikaridhika. Chini ya la nne kulikuwa na uwazi, na zege lilipomiminwa upande wake mmoja ukabomokea humo.

Saa nane wakafika chini, upande mzima wa msingi ukawa wazi. Lameck akasimama pembeni, akajifuta uso.  Mwenzake akaenda kunywa maji.

Nikainuka. Nikaingia shimoni na suruali ya marehemu na futi kamba. Lile zege limejaa mle chini limetandaa kama chungu cha pilau ya harusi. Mita moja na kidogo, kwa mita moja. Kina karibu nusu. Nikatoa kisiki cha kawaida, nikabaki na tofauti. Nikagawa kwa mfuko. Nilifanya hesabu kichwani, nikafanya tena kwa kijiti kwenye udongo, nikatafuta kosa. Mifuko miwili. Miwili na kidogo, hata, sijui hicho kidogo alikitoa wapi.

Lameck alikuwa ananitazama nikifanya hesabu. Nikanyanyuka. Nilitaka kusema. Mdomo ukasema, "Chai iko tayari." Chai! Sikuwa hata nimewasha jiko.

Jumatano, 18 Septemba

Kisiki cha nne hatukukitoa. Amechimba chini yake, shimo refu kuliko chenyewe, udongo uliokibeba ukakimbia, saa tatu asubuhi kikashuka chenyewe taratibu kikakaa chini kabisa. Wakakifukia. Mita nzima ya udongo juu yake. Nilitegemea nitashangilia. Sikushangilia.

Hospitali nilifika nimechelewa. Mama akauliza, "Vingapi?" Nikasema vinne. Akauliza nani kafanya. Nikasema fundi. Akarudi kwenye mpira wake. Amefinya mara tano.

Miaka tisa. Nimefukuza watoto darasani kwa kuandika jibu bila kuonyesha njia, na mimi nilimwandikia mtu mzima jibu, mwizi, bila kuchungulia shimo. Najichukia leo, wala siyo kidogo.

Alhamisi, 19 Septemba

Vya mwisho viwili kazi ya nusu siku, kama alivyosema. Vilikuwa vimekaa juu ya jiwe, vimeshikwa na nondo mbili mbili. Kaweka tindo kwenye mshono, kapiga, kazunguka, kapiga. Kikalegea. Akakata nondo kwa msumeno, akakiviringisha. Bahati na sururu yake, Maduhu na tairi zake, wote walikuwa wanapigana na kitu wasichokijua.

Wakamwaga moramu, ule udongo mwekundu wa barabara, wakashindilia. Kutoka getini mpaka mlangoni hakuna hata cha kujikwaa. Nimetembea kwenda na kurudi mara sita, macho nimefumba.

Niliandaa chakula. Sato, wali, mchicha. Mwenzake alikula. Lameck akasema ameshiba. Akaomba maji, akayanywea nje ya geti, amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Nikasema asante fundi. Akasema, "Msalimie mama."

Hilo tu. Nilikuwa na siku tatu za kusema samahani, nikasema asante.

Ijumaa, 20 Septemba

Kioo kimewekwa. Kitanda kimetandikwa. Nimefua mapazia. Shija kapiga simu, nimemwambia atoe ile nafasi kwenye lori, aweke hata mbuzi. Akacheka. Tumepatana.

Ninapaswa kuwa na furaha. Ninayo, lakini na ile samahani bado ninayo.

Jumamosi, 21 Septemba

Mama amefika saa tano. Shija kamshusha getini kwenye kiti chake, kamfungia kanga vizuri, shuka magotini. Majirani walitoka, wale wale wa mwezi wa saba. Mama akawasalimia mmoja mmoja, wadogo wakampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti. Hakutaka haraka.

Halafu Shija akasukuma. Kiti kikashuka uchochoroni kimya kimya. Magurudumu yalikuwa yanasema kwenye moramu, basi. Mama kanyoosha shingo. Alipofika mlangoni akasema, "Wabeja." Asante hiyo ya Kisukuma sijui alimwambia nani, mimi au Shija au Mungu. Nilijifanya nafukuza inzi usoni.

Lori likaenda Tabora. Tukabaki wawili. Nikampa uji. Akiwa anakunywa akauliza ni fundi gani.

Nikasema Lameck.

"Yule mwizi wako?"

Nikamweleza. Shimo la taka, zege, futi kamba, hesabu. Nilieleza kama naripoti kwa mkaguzi. Alimaliza uji wote mimi sijamaliza. Akauliza nimemwambia nini Lameck. Nikasema nimemwambia asante. Mama akafunga macho. Nilidhani amelala.

"Ulimwambia yeye peke yake kwamba ni mwizi?"

Hapana, Mama. Niliwaambia watu wote.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya ibada Mama akasema, "Nisukume." Nikauliza wapi. Akasema kila nyumba niliyopita mimi mwaka ule nikimtangaza Lameck, nipite tena.

Kupandisha kiti kutoka uwanjani mpaka getini si mchezo, mkono wangu bado unauma. Mama hakunionea huruma. Tukaanza kwa mwenyekiti. Nilisema: Fundi Lameck hakuniibia saruji. Nilikosea mimi, nikamtangaza, naomba mjue. Mwenyekiti akasema ya kale hayo, Mwalimu, achana nayo. Mama akamwambia aitikie kwamba amesikia. Akaitika.

Nyumba ya pili walicheka kidogo. Nyumba ya tatu mama mmoja akainamisha kichwa, akasema walikuwa wamempa kazi ya ukuta wao, wakamnyang'anya kwa maneno yangu, na mke wa Lameck alikuwa na mimba wakati ule. Sikujua hilo.  Mama aliacha lile neno likae pale mpaka likaniingia lote.

Mama Nitin alikuwa wa tano. Alisema vizuri, akatupa maji.

Nyumba ya saba ni wapangaji wapya. Kijana na mkewe, wamehamia mwaka jana. Hawamjui Lameck, hawajui baraza, hawajui hata mume wangu aliwahi kuwepo. Nikamwambia Mama hawa hawahusiki, twende. Akasema, "Kama hawamjui, waanze kumjua kwa ukweli."

Basi nikawaeleza. Kwanza alikuwa nani. Kisha nilichosema juu yake. Kisha kwamba si kweli. Yule kijana akaniuliza kama huyo fundi bado anafanya kazi, wana ukuta wa nyuma umeinama, wanatafuta mtu.

Nikampa namba ya simu ya Lameck. Mama akasema tuendelee, bado nyumba nne.